Wakili wa uhamiaji amenyamaza na tarehe zinakaribia: tumbadilishe?

SWALI

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Naandika kutoka Chikongola, Mtwara mjini, leo Mei 20. Mdogo wangu wa kiume, mzaliwa wa Newala, alikwenda Marekani mwaka 2017 kwa viza ya mwanafunzi. Ada ikamshinda, akaacha chuo. Mwaka 2022 alifunga ndoa na Mmarekani na wanaishi Houston. Wifi yangu akamwombea makaratasi kwa Fomu I-130. Mwaka jana, kabla hilo halijaisha, mdogo wangu akapewa wito wa mahakama ya uhamiaji. Serikali inataka arudishwe nyumbani. Wakili ni mmoja kwa yote mawili.

Tumemlipa dola 4,500 kwa awamu tatu. Awamu mbili nilituma mimi, baada ya mnada wa korosho za shamba alilotuachia baba. Mwezi Machi wifi alipata barua ya uhamiaji inayotaka ushahidi zaidi wa ndoa, mwisho wa kujibu Juni 12. Wakili alisema mwanzoni mwa Aprili kwamba ameshajibu. Lakini tukiingiza namba ya risiti mtandaoni, inaonyesha bado wanasubiri. Tangu hapo hapokei simu, na katibu wake kila siku anasema yuko mahakamani. Nilipopiga mwenyewe nikaambiwa hawawezi kuzungumza nami lolote. Niliumia sana, maana fedha zimetoka mkononi mwangu.

Mahakamani kesi inatajwa Julai 8. Je, tunaweza kubadili wakili sasa, au hakimu atakasirika? Fedha zetu zitarudi? Kuna kijana Dar es Salaam anasema ana mtu wake "ndani" atakayelifuatilia faili kwa dola 1,500, tumpe? Na cheti halisi cha kuzaliwa cha mdogo wangu kiko kwa wakili huyo. Nianze kutafuta kingine?

Dada Mkubwa, Mtwara

JIBU

Pole sana, dada. Mnaweza kumbadilisha, na hamhitaji kibali chake. Sheria ya Marekani inampa mtu mwenye kesi ya uhamiaji haki ya kuwa na wakili anayemtaka mwenyewe, ilimradi amlipe mwenyewe au apate wa kujitolea, kwa sababu serikali haimpi wakili wa bure katika kesi za aina hii. Kinachotutia hofu ni kalenda. Kuanzia siku uliyoandika, zimebaki siku 23 kufika Juni 12 na siku 49 kufika Julai 8, na kubadili wakili hakusimamishi hata moja kati ya siku hizo. Kwa hiyo tunakujibu kwa mpangilio wa tarehe, siyo kwa mpangilio wa maswali yako.

Kwanza, hili la katibu kukataa kuzungumza nawe. Tunaelewa lilivyokuuma, lakini hilo peke yake siyo dalili ya utapeli. Huko mteja ni yule anayewakilishwa na wakili, hata kama fedha zimetoka kwa dada, mjomba au kanisa. Wakili amefungwa na siri ya mteja, na anayelipa hana mamlaka ya kumwelekeza. Dawa yake ni nyepesi: mdogo wako na mkewe waandike barua ya nusu ukurasa, waisaini, wakitaja jina lako kamili na kwamba wanaruhusu ofisi ikupe taarifa za kesi. Wakili mpya apewe barua hiyo siku ya kwanza. Na ukipiga simu, kumbuka kwamba majira haya Houston iko nyuma yetu kwa saa nane. Ofisi ikifunguliwa saa 3 asubuhi kwao, Mtwara ni saa 11 jioni. Ukipiga mchana wa kwetu, huko bado ni usiku.

Dalili inayotutia wasiwasi ni ile nyingine: anasema amejibu, mtandao unasema bado. Ukurasa wa hali ya ombi huweza kuchelewa siku kadhaa, hata wiki chache, baada ya bahasha kupokelewa. Lakini kama alituma mwanzoni mwa Aprili, kufika mwishoni mwa Mei kimya hicho kimezidi. Msibishane naye kwa maneno. Wifi yako amwandikie barua pepe ya mistari miwili, aombe vitu viwili tu: nakala ya majibu yote yaliyotumwa, na namba ya kufuatilia bahasha kutoka kampuni ya usafirishaji au posta. Wakili aliyetuma kweli hutoa vitu hivyo kwa dakika kumi. Mpeni siku mbili za kazi. Siku ya tatu ikipita bila jibu, fanyeni kama vile hakuna kilichotumwa.

Kabla ya kutafuta wakili mpya, muelewe kwamba mdogo wako ana majalada mawili katika nyumba mbili tofauti, na wengi huumia kwa kudhani ni moja. Ombi la ndoa, ile I-130, liko USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Kesi ya kumrudisha iko mahakama ya uhamiaji, chini ya EOIR, ofisi inayosimamia mahakama hizo, ambayo ni sehemu ya Wizara ya Sheria. Wakili hujitambulisha kila nyumba kwa fomu yake: USCIS ni G-28, mahakamani ni EOIR-28. Wakili mpya akipeleka G-28 peke yake, mahakama itaendelea kumtambua yule wa zamani na kumpelekea taarifa zote. Taarifa iliyofika kwa wakili aliye kwenye kumbukumbu huhesabika kisheria kuwa imemfikia mteja mwenyewe, hata kama wakili ameitupa mezani. Mkifika kwa wakili mpya, swali la kwanza liwe: "Utapeleka fomu zote mbili, na lini?"

Kuna jambo jingine hapa ambalo hata wenye kesi hulisahau. Mwombaji katika I-130 ni wifi yako. Mdogo wako ni mwombewa tu. Kwa hiyo G-28 ya ombi hilo husainiwa na wifi pamoja na wakili mpya, na saini ziwe za kalamu, siyo jina lililochapwa kwa kompyuta. Mdogo wako akisaini mahali pa mkewe, fomu haitambuliwi, na barua zitaendelea kwenda kwa wakili yuleyule mnayemkimbia. Habari njema ni kwamba upande wa USCIS hakuna wa kuombwa ruhusa. G-28 mpya iliyojazwa sawasawa inachukua nafasi ya ile ya zamani.

Sasa Juni 12. Barua ile ya kutaka ushahidi ndiyo moyo wa jambo lote hili, kuliko hata tarehe ya mahakama, na tungependa nguvu zenu za wiki mbili zijazo ziende huko. Muda mrefu kabisa ambao USCIS huruhusiwa kutoa kwa barua ya aina hiyo ni siku 84, na huongezwa siku 3 za posta. Kanuni zao hazina nyongeza baada ya hapo. Ukiandika kuomba wiki mbili kwa kuwa mmebadili wakili, hawatakupa. Halafu Juni 12 ni siku ya kupokelewa, siyo siku ya kutuma. Bahasha itoke Houston kabla ya Juni 8, kwa huduma yenye namba ya kufuatilia na saini ya mpokeaji, kwenda anwani iliyoandikwa kwenye barua yenyewe. Msitumie anwani ya fomu ya mwanzo, kwani mara nyingi ni tofauti.

Majibu yatumwe yote kwa pamoja, mara moja. Mkipeleka nusu leo na kuahidi nusu nyingine baadaye, USCIS huchukulia kwamba mmeomba iamue kwa kilichopo, na inaamua. Juu ya mzigo wekeni barua yao yenyewe iwe karatasi ya mbele, kisha G-28 mpya, kisha maelezo mafupi ya kila kilichoombwa na kilipo, halafu viambatanisho. Kama hadi Juni 3 hamjapata wakili mnayemwamini, wifi yako ana haki ya kusaini na kutuma majibu hayo mwenyewe. Ni heri majibu ya mke yaliyofika kuliko majibu ya wakili bingwa yaliyochelewa. Muda ukipita ombi hukataliwa kwa kuhesabiwa limetelekezwa, uamuzi huo haukatiwi rufaa, na mtabaki na njia ya kuomba lifunguliwe upya au kuanza upya na kulipa ada upya. Wakati huohuo, mbele ya hakimu, mdogo wako atakuwa amesimama bila kitu. Sababu kubwa ambayo wakili mpya anaweza kuitaja Julai 8 akiomba muda ni kwamba ombi la ndoa bado lipo hai USCIS na lina nguvu. Ombi likifa, sababu nayo imekufa.

Wanataka ushahidi gani? Someni barua yenyewe mstari kwa mstari, lakini kwa ndoa kawaida huwa ni mkataba wa nyumba wenye majina ya wote wawili, taarifa za akaunti ya pamoja inayoonyesha matumizi halisi (kodi, umeme, chakula), marejesho ya kodi ya mapato waliyojaza kama wanandoa, bima inayomtaja mwenzake, na picha za nyakati tofauti zenye ndugu ndani yake. Picha 15 zilizoandikwa tarehe, mahali na majina ya waliomo zina uzito kuliko picha 200 za siku moja ya harusi.

Na hapa, dada, una kazi ambayo hakuna wakili wa Houston anayeweza kuifanya kwa niaba yako: kiapo. Maelezo ya Fomu I-130 yanakubali viapo vya watu wengine wanaoijua ndoa kwa macho na masikio yao. Kiapo kitaje jina lako kamili, anwani, tarehe na mahali ulipozaliwa, uhusiano wako na wanandoa, na jinsi ulivyojua unayoyasema. Hilo la mwisho ndilo linalobeba kiapo au kukiangusha. "Naijua ndoa hii ni ya kweli na wanapendana sana" ni sentensi tupu. Anaweza kuiandika mtu yeyote kwa yeyote. Andika uliyoyaona: mwezi gani mdogo wako alikutajia jina la wifi kwa mara ya kwanza, nani alipiga simu ya video siku ya harusi na nani nyumbani walikuwepo wakitazama, kiasi ulichotuma kwa ajili ya shughuli na tarehe yake, siku ya msiba wa baba kama wifi alizungumza na familia na alisema nini, Idi au Krismasi gani alituma zawadi na ilipokelewaje. Ambatisha risiti ya kutuma fedha na picha za skrini za mazungumzo yenye tarehe. Kama hukumbuki tarehe kamili, sema "mwanzoni mwa msimu wa korosho wa 2021, kama Oktoba". Usibuni tarehe. Tarehe moja ikigongana na ile waliyoandika wanandoa kwenye fomu, kiapo chako kitawadhuru badala ya kuwasaidia.

Kiandike kwa Kiswahili ukipenda, ndiyo lugha utakayoapia kwa moyo mweupe. Apa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha. Pale mjini Mtwara wapo. Kisha kitafsiriwe chote kwa Kiingereza, kikiwa na tamko la mfasiri lenye mambo mawili: kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, pamoja na jina, saini, anwani na tarehe yake. Mfasiri si lazima awe wa mahakama, ila asiwe wewe wala mdogo wako, msije mkatiliwa shaka bure. Karatasi halisi haihitaji kusafiri. USCIS inapokea nakala ya hati iliyosainiwa kwa kalamu, kwa hiyo nenda steshenari, skani kwa rangi kurasa zote, pamoja na muhuri wa wakili, iwe PDF moja, utume kwa barua pepe. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono isitumike. Wapo wengine wanaoijua ndoa hiyo, mama mdogo au rafiki wa karibu? Viapo viwili vyenye kumbukumbu tofauti vinafaa zaidi kuliko vitano vilivyonakiliwa kimoja.

Tuje mahakamani. Hakimu hakasiriki mtu akibadili wakili; hayo ni ya kila siku kwake. Ila utaratibu ni mkali zaidi kuliko USCIS, kwa sababu huku wakili aliye kwenye kesi hatoki mpaka hakimu akubali. Wakili mpya hupeleka EOIR-28 pamoja na ombi la kuchukua nafasi ya mwenzake, lenye mambo matatu: sababu ya kubadilisha, ushahidi kwamba wakili wa zamani amearifiwa, na ushahidi kwamba mdogo wako ameridhia. Sababu iwe fupi na ya heshima. "Mawasiliano yamevunjika" inatosha. Mpaka hakimu atie saini, yule wa zamani bado ndiye wakili wa kesi na anatakiwa kuhudhuria. Ndiyo maana tunasisitiza: msimfukuze kwa hasira leo kabla hamjasaini na mwingine. Hakuna anayemshusha nahodha katikati ya mkondo kabla mwingine hajashika usukani.

Kwa kesi inayotajwa, kama mtu hayuko kizuizini, nyaraka zinatakiwa kufika angalau siku 15 kabla, isipokuwa hakimu ameagiza vingine. Hesabu kutoka Julai 8 inakupeleka Juni 23. Wakili mpya awe amesaini mkataba kabla ya Juni 10 ili apate muda wa kusoma. Kubadili wakili peke yake hakuhesabiki kuwa sababu ya kuahirisha kesi. Akitaka muda, lazima aombe na aeleze kwa nini, na asipopewa anatakiwa awe tayari kusimama siku hiyo.

Neno "kutajwa" nalo tulitazame, kwa sababu kwa uzoefu wa mahakama zetu linaweza kumponza. Kwetu kesi ya madai ikitajwa, watu wengi humwachia wakili, wao wakaenda shamba. Mahakama ya uhamiaji ya Marekani haina mchezo huo. Mtu asipofika bila ruhusa, hata siku ya kutajwa tu, hakimu anaweza kuamuru aondolewe nchini papo hapo bila yeye kuwepo. Kulifuta agizo hilo ni kazi nzito: kama taarifa ilimfikia kihalali, ana siku 180 tu za kuomba, na lazima athibitishe sababu isiyo ya kawaida, kama ugonjwa mkubwa. "Wakili wangu hakuniambia" ni hoja ya kubishaniwa, haina uhakika. Kwa hiyo Julai 8 mdogo wako awepo, wakili awepo au asiwepo, akiwa mahali palipoandikwa kwenye taarifa ya mahakama. Akiwa peke yake, amwambie hakimu kwa maneno ya kawaida kwamba anatafuta wakili mwingine na anaomba muda. Ana haki ya mkalimani wa Kiswahili bila kulipa. Aombe kama Kiingereza cha mahakamani kinampa shida.

Tarehe hiyo msiitegemee kinywani mwa mtu. Mfumo wa taarifa za kesi wa EOIR uko wazi mtandaoni. Anaingiza namba yake inayoanzia na A, ile iliyo kwenye wito, pamoja na utaifa, anaona tarehe, saa na jina la hakimu. Atazame kila Jumatatu, kwani tarehe husogezwa mbele na hata nyuma. Kama wamehama nyumba tangu wito utoke, mahakama ipewe anwani mpya kwa Fomu EOIR-33 ndani ya siku 5, na USCIS ndani ya siku 10. Kuiambia moja hakuiambii nyingine.

Faili sasa. Faili la mteja ni la mteja, na anaweza kuomba nakala yake hata bila kumfukuza wakili. Ombeni leo, kwa maandishi, na kwa Kiingereza. Maneno, kabla ya kuyatafsiri, yawe kama haya:

"Mimi na mke wangu tunaomba nakala kamili ya majalada yetu yote mawili, ya USCIS na ya mahakama ya uhamiaji: wito wa mahakama, taarifa zote za tarehe, fomu zote zilizopelekwa pamoja na viambatanisho, risiti zote za USCIS, barua ya Machi ya kutaka ushahidi na majibu yake kama yalitumwa, uthibitisho wa kutuma, mkataba wetu, na mchanganuo wa malipo. Tunaomba pia nyaraka halisi, ikiwemo cheti cha kuzaliwa. Tafadhali tupatie ifikapo Mei 28. Mtu wa kufika kuzichukua ni mke wangu."

Msiweke kitisho chochote ndani ya barua hiyo. Malalamiko yana mahali pake na yatangojea. Lengo la sasa ni makaratasi. Akisema hatoi mpaka mmalize deni, mwacheni wakili mpya azungumze naye. Kanuni za maadili za majimbo hutofautiana kuhusu wakili kushikilia faili kwa ajili ya deni, ila kushikilia kunakomwumiza mteja mwenye tarehe mlangoni ni jambo ambalo mawakili wenyewe hulikwepa. Na akikaa kimya kabisa, hamjakwama. Mdogo wako ana haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu ya kesi mahakamani, na wakili mpya akishaingia kwenye kesi huweza kuisoma kwenye mfumo wa kielektroniki kama jalada limewekwa humo. Kwa upande wa USCIS, aombe jalada lake chini ya sheria ya uhuru wa taarifa, aambatishe taarifa ya tarehe ya mahakama. Wenye kesi mbele ya hakimu huwekwa kwenye foleni yao ya haraka zaidi. Hata hiyo ya haraka haitawahi Juni 12. Kwa barua ya ushahidi tumieni vilivyo nyumbani kwa mdogo wako na mkewe.

Wakili mpya athibitishwe kabla ya kupewa hata senti. Kwetu tunajua tofauti ya mwanasheria na wakili. Huko nako anayeruhusiwa kuwakilisha ni wakili mwenye leseni hai ya jimbo lolote la Marekani, kwa kuwa sheria ya uhamiaji ni ya taifa zima, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia shirika lisilo la faida. Leseni hutazamwa bure kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo husika, na EOIR huweka wazi orodha ya waliosimamishwa au kufungiwa. EOIR hiyohiyo ina orodha ya watoa msaada wa bure kwa kila mahakama, Houston ikiwemo. Wamejaa kazi, lakini kupiga simu tano hakugharimu kitu. Mkikaa naye, mwulizeni kama ada inahusu majibu ya Juni 12, kikao cha Julai 8, ombi la grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, mbele ya hakimu (Fomu I-485, ambayo kwa hali ya mdogo wako kwa kawaida huamuliwa na hakimu, siyo USCIS) na siku ya kesi kusikilizwa. Rufaa kwa kawaida huwa mkataba mwingine. Fedha ziingie akaunti ya ofisi, siyo ya mtu binafsi, na risiti itaje kazi iliyolipiwa.

Kuhusu dola 4,500: huenda mkapata sehemu, msitegemee zote. Wakili anayeachwa anatakiwa kurudisha malipo ambayo hajayafanyia kazi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea mkataba na mchanganuo mlioomba kwenye barua: nini kilifanyika, lini, kwa saa ngapi au kwa bei gani ya jumla. Kujaza na kupeleka I-130 ni kazi, na kama alihudhuria kikao cha kwanza nayo ni kazi. Majibu ambayo hayakutumwa siyo kazi. Akikataa, chama cha mawakili cha jimbo lake ndipo pa kupeleka malalamiko, na kwa kesi ya uhamiaji kuna pia Fomu EOIR-44. Hayo yasubiri baada ya Julai 8.

Isipokuwa jambo moja. Ikibainika kwamba alidanganya na Juni 12 ikapita bila majibu, wakili mpya lazima aambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu kuna njia ya kuieleza mahakama kwamba kosa ni la wakili. Tangu shauri la uhamiaji la Marekani liitwalo Lozada, la mwaka 1988, mtu anayedai hivyo hutakiwa kuleta kiapo kinachoeleza walikubaliana nini na wakili, uthibitisho kwamba wakili ameelezwa tuhuma na kupewa nafasi ya kujibu, na uthibitisho wa malalamiko kwenye chombo cha nidhamu, au maelezo ya kwa nini hayakupelekwa. Kila ujumbe wa WhatsApp alioandika "nimeshajibu" uhifadhiwe sasa, kabla simu haijaharibika. Upigeni picha ya skrini yenye tarehe na muutume kwenye barua pepe.

Yule kijana wa Dar es Salaam msimpe kitu. Siyo wakili wa huko, hawezi kusaini G-28 wala EOIR-28, na hakuna mtu wa "ndani" anayeweza kusogeza faili kwa dola 1,500. Kama ameshapewa namba ya A au nakala ya pasipoti, mjulisheni wakili mpya, kwa sababu vishoka wa aina hii wakati mwingine hupeleka maombi ya uongo kwa majina ya watu, na uongo ukishaingia kwenye jalada mwenye jalada ndiye anayehojiwa. Wakili wa hapa Mtwara anakufaa kwa kiapo chako, na hilo ni jambo kubwa, lakini mahakama ya Houston siyo uwanja wake.

Cheti cha kuzaliwa hakihitajiki kwa Juni 12. Barua ile inahusu ndoa. Kitahitajika kwenye ombi la grini kadi mbele ya hakimu, kwa hiyo anza kukitafuta taratibu sasa hivi bila kungoja kama wakili ataachia kile cha zamani. Alizaliwa Newala, na kumbukumbu ilianzia huko. Tafuta nyumbani nakala yoyote ya kile cha kwanza, hata fotokopi iliyofifia ya kuombea shule, kwa kuwa namba ya ingizo iliyo juu yake hurahisisha kukipata kitabuni. Ombi unaweza kulianza kwa mfumo wa RITA wa mtandaoni au kwenye dawati la vizazi na vifo wilayani. Kikitoka, kabla hujaondoka dirishani, linganisha herufi kwa herufi na pasipoti yake: majina matatu, mpangilio wake, tarehe, na jina la mama. Ukikuta "Selemani" huku na "Suleiman" kule, omba pale pale wakueleze utaratibu wa marekebisho, na umwambie wakili mpya mapema ili aamue kama kiapo cha majina kinatosha.